Redio ya Ridhaa Kisiwani Pemba: Jifunze Kwanza, Nunua Baadaye

Redio ya ridhaa ni huduma ya mawasiliano inayotambuliwa na kanuni za kimataifa za redio. Huendeshwa na watu walioidhinishwa, kwa madhumuni ya kujielimisha, kuwasiliana wao kwa wao na kufanya majaribio ya kiufundi, bila ya kutafuta malipo. Si kituo cha utangazaji, wala si simu ya upepo ya kuendeshea biashara. Makala hii inamwelekeza mkaazi wa Pemba anayetaka kuanza: wapi apate elimu, na mambo gani ayazingatie kabla ya kutoa fedha yake.

Kwa nini elimu itangulie

Redio nyingi ndogo za mkononi zinazouzwa kwa bei nafuu zinaweza kurusha mawimbi katika masafa ya ridhaa, ambayo kwa upande wetu wa dunia ni kati ya megahezi 144 na 146, na pia katika masafa ya baharini. Chaneli ya 16, inayotumika kuomba msaada baharini, ipo megahezi 156.8. Katika aina hii ya mawimbi, kituo chenye nguvu zaidi humeza kilicho dhaifu. Mtu anayejaribu redio yake ufukweni Mkoani bila ya kujua yupo chaneli gani anaweza kuifunika sauti ya mvuvi wa Kojani anayeita kwa betri iliyokwisha. Mnunuzi hatajua, na aliyekuwa akiita hatasikika.

Elimu humlinda pia mnunuzi mwenyewe. Mawimbi ya redio za mkononi husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na mviringo wa dunia huyakatiza. Antena mbili, kila moja ikiwa mita 9 juu ya usawa wa bahari, huwasiliana kwa kiasi cha kilomita 25. Pemba ipo kiasi cha kilomita 50 kutoka bara. Kwa hiyo muuzaji anayeahidi kwamba redio ya mkononi itafika Tanga kutoka ufukweni anauza ahadi isiyotimia. Mawasiliano ya mbali hutumia mawimbi mafupi, yanayorudishwa ardhini na tabaka la juu la anga.

Anza kwa kusikiliza

Hatua ya mwanzo haihitaji kurusha mawimbi. Vipo vipokezi vinavyoweza kusikilizwa kupitia intaneti, na simu ya mkononi inatosha. Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kinaendesha kimoja kinachopokea masafa yote ya chini ya megahezi 29. Sikiliza kati ya megahezi 14.000 na 14.350 wakati wa mchana, na kati ya 7.000 na 7.200 usiku. Andika katika daftari saa, masafa na majina ya vituo unavyovisikia. Majina yanayoanza na 5H au 5I ni ya Tanzania.

Anayetaka kununua kipokezi cha mawimbi mafupi ahakikishe kina uwezo wa kupokea sauti ya upande mmoja wa wimbi, ambayo ndiyo hutumiwa na wengi katika masafa hayo. Redio ya kawaida ya kusikilizia habari itatoa sauti kama ya bata, isiyofahamika.

Pemba ina neema nyengine. Setilaiti ya Qatar iitwayo Es'hail-2, iliyorushwa mwaka 2018, imebeba mtambo wa redio ya ridhaa na imekaa juu ya Afrika, nyuzi 26 mashariki. Kutokea Chake Chake ipo karibu na utosi, ikielekea magharibi. Mazungumzo yake yanaweza kusikilizwa bila ya gharama ya vifaa kupitia kipokezi cha intaneti kilichopo Goonhilly, Uingereza.

Vitabu na masomo

Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano umetoa pendekezo, M.1544, linalotaja mambo ambayo mwendeshaji anapaswa kuyajua: kanuni za redio, njia za mawasiliano, nadharia ya mitambo, usalama wa mnururisho, na namna ya kuepuka na kuondoa mwingiliano wa mawimbi. Tumia orodha hiyo kuwa muhtasari wa masomo yako. Kutuma kwa Morse hakujawa sharti la kimataifa tangu mwaka 2003.

Msingi wa umeme na mawimbi umo katika vitabu vya fizikia vya skuli za sekondari. Baada ya hapo, kitabu cha mwongozo cha chama cha Marekani cha ARRL, kilichoanza kuchapishwa mwaka 1926, kinaeleza mitambo kwa kina. Toleo la zamani lililotumika linafaa kwa nadharia na huwa nafuu. Maswali ya mitihani ya Marekani hutolewa bure, nayo ni mazoezi mazuri. Lakini tahadhari: wao wapo Kanda ya 2, sisi tupo Kanda ya 1. Megahezi 146 hadi 148, na 7.200 hadi 7.300, ni halali kwao kwa ridhaa, kwetu siyo.

Kwa kuwa maandishi mengi ni ya Kiingereza, ni vyema wanafunzi wakajifunza kwa kikundi pamoja na mwalimu wa fizikia, wakijiwekea orodha ya istilahi kwa Kiswahili.

Leseni na ununuzi

Kanuni za kimataifa zinaitaka kila nchi ithibitishe ujuzi wa mtu kabla ya kumruhusu kurusha mawimbi. Hapa nchini leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Tume ya Utangazaji Zanzibar inahusika na utangazaji, si huduma hii. Kabla ya kununua chombo cha kurushia mawimbi:

1. Uliza Mamlaka masharti, fomu na ada zinazotumika wakati huo.
2. Hakikisha chombo kimeidhinishwa kutumika nchini.
3. Dai risiti yenye jina la chombo na namba yake.
4. Usimlipe muuzaji anayedai kwamba leseni imo ndani ya bei. Muuzaji hana leseni ya kutoa.

Faida ya subira

Tsunami ilipovipiga visiwa vya Andaman tarehe 26 Disemba 2004 na simu kukatika, waendeshaji wa ridhaa kutoka India waliokuwapo Port Blair walipeleka habari za watu kwa jamaa zao. Waliweza kwa sababu walikuwa na leseni, mitambo iliyokwisha kujaribiwa na mazoea ya kupokezana ujumbe kwa utaratibu. Pemba nayo ni kisiwa; umeme wake hufika kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Mwendeshaji mwenye betri ya volti 12 na ujuzi wa kweli ni akiba ya jamii nzima. Ujuzi huo haununuliwi siku ya msiba.