Pensheni ya Maradhi Inapolipwa kwa Malimbikizo: Jinsi Inavyogusa Mafao ya Uingereza

Vyama vya akiba na mikopo vyenye wanachama walio kazini Uingereza huweza kupokea ombi ambalo kwa macho ni dogo: barua ya kuthibitisha akiba na hisa za mwanachama. Katibu huiandika kwa nia njema, akagonga mhuri na kuituma, pengine bila kufahamu kwamba tarakimu moja iliyomo yaweza kumpa au kumnyima mwanachama riziki ya mwezi mzima. Maelezo haya yanahusu chanzo kimojawapo cha maombi ya namna hiyo, yaani mtu aliyeacha kazi kwa sababu ya maradhi, akaisubiri pensheni yake kwa muda mrefu, kisha akalipwa malimbikizo yote kwa mara moja.

Kuchelewa huko si jambo la ajabu. Mfanyakazi wa hospitali aliye katika mfuko wa pensheni wa NHS, yaani huduma ya afya ya taifa hilo, hupimwa kwa madaraja mawili. Daraja la kwanza ni la mtu asiyeweza tena kuifanya kazi yake mwenyewe. La pili ni la mtu asiyeweza kufanya kazi yoyote ya kawaida yenye saa zinazolingana na zile alizokuwa akifanya. Mfuko wa watumishi wa serikali za mitaa za Uingereza na Wales una madaraja matatu, na lile la tatu hulipwa kwa muda usiozidi miaka 3. Ripoti za madaktari hukusanywa, ombi hukataliwa, mhusika hulalamika ndani ya mfuko, na huenda akalifikisha shauri mbele ya msuluhishi wa malalamiko ya pensheni. Akishinda, pensheni huhesabiwa kurudi nyuma, kwa kawaida hadi siku ajira yake ilipokoma. Wakati huo wote alikuwa akiishi kwa mafao ya serikali, na hapo ndipo hesabu zinapogongana.

Mafao hayo si ya aina moja, na kosa kubwa la watu ni kuyachanganya.

Lipo kwanza fao la ulemavu lijulikanalo kwa herufi PIP, lililoanza mwaka 2013. Hulipwa kwa kuangalia jinsi ulemavu unavyomzuia mtu kujihudumia na kutembea, wala haliulizi mapato yake wala akiba yake. Huko Scotland nafasi yake imechukuliwa tangu mwaka 2022 na fao liitwalo Adult Disability Payment, lenye msingi uo huo. Pensheni ya maradhi, iwe ya mwezi au ya malimbikizo, hailipunguzi fao hili hata kwa senti moja. Hata hivyo, kupata pensheni si ushahidi wa kutosha wa kupata PIP. Daktari wa mfuko aliuliza kama mtu aweza kufanya kazi. Mpimaji wa PIP huuliza kama aweza kupika, kuoga na kutembea mita kadhaa. Wapo wanaodhani kwamba karatasi moja itafungua milango yote, na wakifika wa pili wanashangaa umefungwa.

Fao la pili ni ESA, lile litokanalo na michango ambayo mtu alikatwa katika mshahara. Hili nalo haliulizi akiba, lakini huuliza pensheni. Sheria yasema kwamba pensheni ikizidi paundi 85 kwa juma, nusu ya kile kilichozidi hukatwa katika fao. Sheria hiyo huiangalia pensheni inayostahili kulipwa kwa ajili ya juma fulani, wala haishughuliki na siku ambayo fedha zilimfikia mhusika. Kwa hiyo malimbikizo hugawanywa na kurudishwa katika majuma yake ya zamani, na fao la majuma hayo hupigiwa hesabu upya.

Tuchukue mfano. Mtu amekubaliwa pensheni ya paundi 125 kwa juma, nayo imerudishwa nyuma majuma 40. Malimbikizo yake ni paundi 5,000. Paundi 125 zimezidi kiwango cha 85 kwa paundi 40, nusu yake ni 20. Katika kila juma kati ya yale 40 alilipwa ESA kwa paundi 20 zaidi ya haki yake, na jumla ya deni ni paundi 800. Hakudanganya wala hakuficha kitu; pensheni yenyewe haikuwapo wakati ule. Hata hivyo deni lipo. Busara ni kuzitenga paundi hizo 800 siku ile ile malimbikizo yanapoingia, kabla fundi wa nyumba hajapigiwa simu.

Kiinua mgongo, yaani mkupuo utolewao pamoja na pensheni, hakiingizwi katika hesabu hii, kwa kuwa ESA hukatwa kwa malipo ya vipindi tu.

Fao la tatu ndilo lenye miiba mingi. Ni Universal Credit, litolewalo kwa kupima uwezo wa mtu, na ambalo limechukua nafasi ya mengi ya mafao ya zamani ya namna hiyo kwa watu wasiofikia umri wa kustaafu. Hapa pensheni ya kila mwezi hupunguza fao paundi kwa paundi, bila nusu wala msamaha. Zile paundi 125 za kila juma ni sawa na paundi 541 na senti 67 kwa mwezi, na kiasi hicho chote hutoka katika fao. ESA nayo huhesabiwa kuwa pato katika Universal Credit. Ndiyo maana mtu aliyekuwa akipokea yote mawili hapaswi kulipa deni la ESA na kunyamaza: ikiwa ESA yake ya miezi iliyopita imeshushwa, basi kile kilichokatwa katika Universal Credit kwa sababu ya ESA hiyo kilikuwa kikubwa mno. Aombe kwa maandishi hesabu zote mbili zifanywe pamoja.

Kisha hufuata suala la akiba. Mwenye akiba isiyozidi paundi 6,000 haguswi. Mwenye zaidi ya paundi 16,000 hapati Universal Credit kabisa. Aliye katikati huhesabiwa kwamba kila paundi 250 zilizozidi 6,000, au sehemu yake, humletea pato la paundi 4 na senti 35 kwa mwezi, hata kama fedha hizo zimelala tu benki. Kwa mume na mke, akiba zao hujumlishwa.

Mtu yule wa mfano wetu alikuwa na akiba ya paundi 1,000, akapata kiinua mgongo cha paundi 9,000. Akiba imekuwa 10,000. Zilizozidi ni 4,000, yaani mafungu 16 ya 250, na fao litapungua kwa paundi 69 na senti 60 kila mwezi. Malimbikizo ya paundi 5,000 yakibaki bila kutumiwa, akiba ni 15,000, mafungu 36, na makato ni paundi 156 na senti 60. Akilipa deni la 800, hubaki 14,200. Mafungu ni 32 na kipande, kipande huhesabiwa fungu zima, na makato hushuka hadi paundi 143 na senti 55. Akiwa na paundi 2,000 nyingine mahali fulani ambazo hakuzitaja, amevuka 16,000 na hana fao tena.

Na hapo ndipo chama kinapoingia. Akiba iliyo nje ya Uingereza huhesabiwa sawa na iliyo ndani. Hisa na amana katika chama cha akiba na mikopo, kiwanja, na nyumba asiyoishi mwenyewe vyote ni mali yake kwa macho ya sheria hiyo. Katibu anapoombwa barua ya uthibitisho, aandike salio kama lilivyo katika daftari, tarehe ya salio hilo, fedha zipi zaweza kutolewa na zipi zimefungwa kwa dhamana ya mkopo. Asikubali kuhamisha akiba kwa jina la ndugu ili barua isomeke vizuri. Ofisi ya huko ikiona kwamba mtu alijiondolea mali kwa makusudi ili apate au aongezewe fao, humhesabia kana kwamba mali hiyo bado anayo, na mwanachama hubaki hana fedha wala fao. Vilevile mweka hazina anayetunza fedha za upatu katika akaunti yake aeleze wazi kwamba ni za watu wengine, aonyeshe na daftari, maana fedha ambazo si zake hazipaswi kuhesabiwa kuwa akiba yake.

Si kila matumizi ni hila. Katika Universal Credit, kulipa deni ambalo mtu anadaiwa kweli si kujiondolea mali, wala kununua vitu au huduma kwa kiasi kinachofaa hali yake. Mkopo wa chama ni deni la kweli, na risiti ya chama yenye tarehe ni ushahidi mzuri kuliko maelezo marefu. Kumtumia ndugu fedha za kujenga ni jambo jingine. Heshima ya ukoo haimo katika kanuni hizo, na mwanachama ajue hivyo kabla ya kutuma.

Ipo tofauti moja inayowaponza wengi. Malimbikizo ya fao la serikali, kama PIP iliyocheleweshwa, kwa kawaida hayahesabiwi kuwa akiba kwa miezi 12. Malimbikizo ya pensheni ya mwajiri hayana nafuu hiyo. Mtu aliyepata yote mawili katika mwaka mmoja atunze karatasi za kila moja mbali na nyingine.

Kuhusu kutoa taarifa, mwanachama asisubiri fedha ziingie. Barua ya kukubaliwa pensheni yatosha kuwa sababu ya kuarifu. Halmashauri ya mji inayompunguzia kodi ya nyumba ni ofisi nyingine, nayo iarifiwe kwa barua yake. Malipo yaliyozidi ya Universal Credit, na ya ESA mpya iendayo sambamba nalo, hudaiwa hata kama kosa ni la karani wa serikali. Sheria hiyo ni kali, na katika fao hilo udhuru wa kutojua hauna nguvu. Lakini hesabu yenyewe yaweza kupingwa: mhusika huomba uamuzi uangaliwe upya ndani ya mwezi 1, na asiporidhika hukata rufani mbele ya baraza huru. Deni likimlemea aweza kuomba lilipwe kidogo kidogo.

Kwa anayefikiria kurudi nyumbani, pensheni ya mwajiri yaweza kumfuata hadi huku. Universal Credit kwa kawaida haivumilii safari ya nje inayozidi mwezi 1, na PIP haivumilii inayozidi majuma 13, au 26 ikiwa safari ni ya matibabu. Katibu akiulizwa na mwanachama wa namna hiyo, amshauri apeleke tarehe za safari kwa maandishi kabla ya kuondoka, na nakala ya barua aibakize kwake.