Manukato ya "Kumvuta Mume": Tusome Kwanza Kilichoandikwa Kwenye Chupa

Mama mmoja wa Kibosho alitujia baada ya kikao cha akina mama, akiwa amefunga kichupa ndani ya leso. Alikinunua mjini Moshi kwa fedha alizoweka akiba kwa kuuza ndizi. Muuzaji alimwambia kina "feromoni", na kwamba mume akiinusa hatatamani tena kutoka jioni. Alijipaka kwa majuma matatu. Mume akaendelea kurudi usiku wa manane.

Mama huyu hakutuuliza kama ametapeliwa. Aliuliza: "Je, nimekosea kujipaka, au ni mimi nisiyependeka?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Tulikaa naye, tukasoma kibandiko cha chupa neno kwa neno.

Feromoni ni nini?

Neno hili lilitungwa na wanasayansi mwaka 1959 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kubeba na kuamsha. Ni kemikali ambayo kiumbe huitoa ili kuwapa habari wenzake wa jamii yake.

Sisi wa Kilimanjaro tunaishi nazo kihambani. Fukusi dume wa migomba hutoa harufu iitwayo sordidini, na fukusi wenzake, madume kwa majike, huifuata. Ndiyo maana harufu hiyo huwekwa katika mitego ya kuwanasa. Nyuki anapouma huacha isoamili asetati, ambayo huwaita wenzake waje kushambulia. Kemikali hiyo hiyo imo katika harufu ya ndizi mbivu. Basi usimenye ndizi karibu na mzinga!

Majina yale marefu

Kwenye kichupa cha mama yetu tulikuta androstenoni, androstenoli, androstadienoni na estratetraenoli. Majina haya yanatisha, lakini yamejengwa kwa vipande vyenye maana.

"Andro" ni Kigiriki, yaani mwanamume. "Estra" ni ndugu wa neno estrojeni, homoni ya kike. Jina linaloishia na "ol" ni la jamii ya alkoholi. Linaloishia na "one" ni la jamii ya ketoni, pamoja na asetoni tunayofutia rangi ya kucha. "Dien" na "tetraen" hueleza idadi ya viungo maradufu vya kaboni: viwili au vinne. Namba zilizo katikati ya jina huonyesha tu mahali viungo hivyo vilipo.

Sasa tuulize kila moja limetoka wapi. Androstenoni imo katika mate ya nguruwe dume. Jike aliye kwenye joto akiinusa husimama tuli ili apandwe, na wafugaji katika nchi mbalimbali huuziwa ikiwa katika kopo la kupuliza. Mama mfuga nguruwe, umeelewa! Androstadienoni hupatikana katika jasho la makwapa, hasa la wanaume. Estratetraenoli iligunduliwa katika mkojo wa wajawazito.

Je, humvuta binadamu?

Mwaka 2015 Tristram Wyatt wa Chuo Kikuu cha Oxford alichambua utafiti uliokuwapo, akaonyesha kwamba hakuna feromoni ya binadamu iliyothibitishwa. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walijaribu androstadienoni na estratetraenoli kwa wanaume na wanawake. Hawakuona kwamba zinabadili jinsi watu wanavyovutiwa na sura za wengine.

Kwa hiyo mama yetu hakukosea kujipaka. Wala kushindwa kwa kichupa si ushahidi kwamba hapendeki. Alichouziwa ni ahadi isiyo na msingi.

Soma na yale mengine

Majina yanayostahili kuangaliwa zaidi ni yale yasiyotangazwa: linaluli, limonini ya maganda ya machungwa, jeranioli ya waridi, yujenoli ya karafuu. Hayana ubaya kwa wengi wetu, lakini ngozi za baadhi ya watu huwashwa nayo. Ndiyo maana tangu mwaka 2005 sheria za Ulaya zimetaka vitu kama hivi vitajwe kwenye kibandiko.

Paka kidogo ndani ya kiwiko, ungoje siku moja au mbili kabla ya kuendelea. Usimpake mtoto mchanga. Usijipulizie karibu na jiko au kibatari, kwa kuwa manukato mengi yana alkoholi inayoshika moto. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, anwani wala orodha ya vilivyomo, iache dukani. Vipodozi nchini vinasimamiwa na Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019. Ukiwa na mashaka, waulize.

Ushauri wetu

Hatusemi mke asinukie. Kitabu cha Esta kinasimulia kwamba aliandaliwa kwa miezi 12, sita kwa mafuta ya manemane na sita kwa manukato. Lakini watu wake hawakuokolewa na manukato. Waliokolewa siku alipojipa moyo akaingia kwa mfalme, akasema lililomsibu.

Mama mpendwa, kama mumeo harudi mapema, mwulize kwa upole, wakati wa utulivu, watoto wakiwa wamelala. Ikishindikana, waiteni wasimamizi wenu wa ndoa, au mchungaji. Wazee wetu wa Kichagga walipotaka kupatana walipeleka jani la isale, na aliyelipokea alijua mwenzake amekuja kwa amani. Jani hilo halimvuti mtu kwa harufu. Kazi yake ni kufungua mazungumzo.

Mama wa Kibosho alirudi nyumbani na kichupa chake. Alituambia atakimalizia kanisani Jumapili, kwa kuwa kinanukia vizuri, na kwamba jioni ile ile ataanza kwa kuuliza.