Riwaya Isiyokubali Maswali Yetu

Mwalimu mwenzangu, wanafunzi wetu wanaofaulu vyema katika fasihi huingia chuo kikuu na maswali manne waliyoyazoea: dhamira ni ipi, wahusika wana sifa gani, mandhari ni yapi, mbinu ni zipi? Maswali hayo huwafaa wasomapo Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi. Mandhari ni Ukerewe, Rosa ana wazazi na wadogo zake, na maisha yake hufuatika hatua kwa hatua hadi kifo chake.

Kisha mhadhiri huwapa Nagona (1990), ya mwandishi yuyo huyo. Msimulizi yumo safarini, lakini mahali hapapatikani kwenye ramani yoyote, wala tukio moja halizai jingine. Anayetafuta "sifa za mhusika mkuu" huambulia patupu, na wapo wanaokata tamaa papo hapo. Hawajaelezwa kuwa riwaya ya kihalisia humchukua msimulizi kuwa anaujua ukweli na anaweza kuutoa wote. Nagona inalitilia shaka jambo hilo lenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza liwe: nani anasimulia, naye amejuaje?

Istilahi "baada-ukoloni" nayo huwatatiza, kwani wengi huiona kama tarehe tu: 1961 kwa Tanganyika, 1963 kwa Kenya. Hebu tazama Dunia Uwanja wa Fujo (1975). Tumaini hamuui Mwingereza. Anamuua mkuu wa wilaya wa serikali huru, wakati wa kutaifishwa kwa mali, kisha ananyongwa. Mhakiki wa baada-ukoloni huuliza ni mamlaka gani yalirithiwa kutoka kwa mkoloni, na yakaangukia mikononi mwa nani. Tahadhari hapa: mwanafunzi asikimbilie kuandika kuwa "Kezilahabi anapinga Ujamaa" kwa sababu ya kitendo cha Tumaini. Tumaini ni tajiri anayetetea mali yake, na sauti yake si lazima iwe ya mwandishi. (Kosa hili tunalilea sisi wenyewe tunapokubali "mwandishi anasema" katika kila insha.)

Kipindi cha dakika arubaini kinatosha kuanzia. Chagua ukurasa mmoja wa riwaya teule, uwaombe wanafunzi wausimulie upya kwa sauti ya mhusika ambaye hakupewa nafasi ya kusema. Wakimaliza, waulize ni habari gani zimebadilika na zipi zimepotea.