Shinkolobwe: mugodi wanaujua, watu wake nani anawauliza?

Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilometa kama 120. Ukifika pa Likasi ukauliza njia ya Shinkolobwe, mutu anakuangalia kwanza, halafu anakuuliza: « Munaenda kufanya nini kule? » Si siri tena. Ata watoto wa masomo wanajua ya kwamba urani ya bomu ya Hiroshima ilitoka pale, kilometa kama 20 tu toka Likasi. Lakini tangu 2004 ni eneo la kufungwa, na mwenye kulitaja sana wanamudhani ni mwizi wa minere ao mutu wa usalama.

Siye wa sendika hatuko mwizi wala mutu wa usalama. Tulianza kuulizia Shinkolobwe juu ya kitu kidogo. Mama mumoja mujane alifika kwetu na buku ya kazi ya baba mukwe wake, imefungwa ndani ya plastiki ya sukari, kurasa zimekuwa rangi ya chai. Alitaka kujua kama kuna haki yoyote iliyobaki. Ndani, pa fasi ya kazi, imeandikwa kwa mukono: Shinkolobwe. Tulimupeleka ku ofisi moja, hatutaitaja. Tulingoja siku mbili. Bwana wa ofisi alifungua kabati, akafunga, akatuambia: « Shinkolobwe haina dosie. »

Njo maana tunaandika leo.

Kijiji kile kiliingia mu habari ya dunia mwaka wa 1915, wakati mupelelezi wa madini Robert Rich Sharp, Mwingereza aliyekuwa anatumikia Union Minière, alipokuta mawe ya urani. Wakati ule hakuna aliyehitaji urani yenyewe. Walitafuta radiumu iliyo ndani yake, iliyotumiwa na waganga juu ya ugonjwa wa kansa. Kazi ilianza 1921. Mwaka uleule wanawake wa Marekani walichanga feza wakamununulia Marie Curie gramu moja tu ya radiumu, bei dola 100,000. Gramu moja! Ni kiasi cha chumvi unachoshika na vidole viwili. Mawe ya Katanga yalikuwa na utajiri mukubwa hivi kwamba Ubeljiji, na kiwanda chake cha Olen, ilikamata soko la dunia na bei ikashuka.

Wenye sayansi waligawa majina. Jiwe moja la pale waliliita « sklodowskite », jina la ukoo la Marie Curie mbele ya kuolewa. Lingine « curite ». Moja tu lilipata jina la kwetu: « kasolite », juu ya kilima cha Kasolo, pale pale pa Shinkolobwe. Tunacheka kidogo: kilima kilipata jina mu vitabu, mutu aliyekichimba hapana.

Watu wale walikuwa nani? Walikuwa watu wa vijiji vya karibu, na wengine Union Minière iliwaleta toka mbali: Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na Burundi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliamua ya kwamba mufanyakazi aje na bibi yake na akae miaka, si miezi. Wakajenga kambi: nyumba za matofali mu mustari, masomo ya watoto, dispanseri, na posho kila juma. Wazee wa Likasi wanasimulia bado ile posho: bunga, maharagi, samaki ya kukausha, mafuta ya ngazi, karanga. Wanawake walipanga mustari asubuhi na mapema na vitunga. Muke wa mufanyakazi mwenye kukosa kazi siku moja alijulikana pale pale, juu kitunga chake kilirudi chepesi. Siku ya yenga watu walikuwa na munkoyo na ngoma, kila kabila na uwanja wake.

Na kazi? Kuchimba, kupasua, kuchagua kwa mukono. Jiwe la Shinkolobwe lilikuwa nzuri kwa macho: jeusi kama makaa, manjano, rangi ya machungwa, kijani. Wakubwa walijua ya kwamba jiwe lile linatoa mionzi, maana njo ile waliyokuwa wanauzisha. Mufanyakazi alijua tu ni « minere ».

Vita ilipokaribia, mugodi ulikuwa umefungwa na maji yameingia. Lakini mukubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, aliogopa Wajerumani wasikamate ile minere. Mu 1940 alitumisha tani karibu 1,200 mpaka New York, zikalala ndani ya mapipa pa Staten Island. Septemba 1942 afisa mumoja wa Marekani, Kenneth Nichols, aliingia mu ofisi yake kuuliza kama anaweza kupata urani, kumbe iko tayari mu muji. Wamarekani walinunua yote, halafu wakatuma wataalamu wao wafungue tena mugodi. Jina la Shinkolobwe likatolewa ku ramani. Mu 1946 Marekani ilimupa Sengier medali.

Tukumbuke mambo ya hapa pia. Mapipa yale yakiwa tayari New York, bei ya chakula mu Katanga ilikuwa imepanda juu ya vita, na mushahara ulibaki palepale. Desemba 1941 wafanyakazi wa Likasi, wakati ule Jadotville, waligoma, na wa Lubumbashi vilevile. Tarehe 9 Desemba askari walipiga risasi watu waliokusanyika ku uwanja wa mupira wa Lubumbashi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, aliuawa pale. Jina lake tunalo juu watu walilikamata, wakaliandika, wakalifundisha watoto. Wengi wengine walikufa siku ile bila mutu kuandika.

Mu 1960 Wabeljiji waliziba mashimo na betoni, na Shinkolobwe ikalala.

Iliamuka siku za njaa. Gécamines ilikuwa imeanguka, na kuanzia miaka ya 1997 na 1998 wakrezeri waliingia kutafuta kobalti. Hapo kijiji cha pili kilizaliwa juu ya kile cha kwanza, na hiki tunakijua vizuri, juu wengine wetu tulilala pale. Nyumba za majani na bashi. Makanisa yenye spika. Mama za bukari na sombe kando ya njia, lutuku usiku, wanegosia na mizani zao (mizani ya negosia, kila mutu anajua inavyopima). Mu 2003 ule mupango wa kuacha kazi « kwa mapenzi » ulitoa Gécamines wafanyakazi zaidi ya 10,000. Baba aliyefanya miaka 25 ku kazi, na kofia na viatu vya kampuni, alijikuta anashuka mu shimo na tochi ya kichwa pamoja na watoto wake. Maelfu waliishi kule na bibi na watoto. Kulikuwa na maisha, tuseme kweli. Watu walioana pale. Watoto walizaliwa pale.

Januari 2004 dekreti ya Rais ilifunga eneo lote. Watu waliendelea, maana dekreti haipikwi mu sufuria. Julai shimo likaanguka, watu 8 wakafa. Mwezi wa nane askari walifukuza watu na nyumba zikachomwa. Mwisho wa mwaka wataalamu wa ONU wakafika kupima. Walisema mashimo yanaweza kuanguka tena, na kwamba mwenye kukaa muda murefu mu vumbi lile anaweza kuumizwa na mionzi. Kufunga tulikubali, sendika haiwezi kutetea shimo linaloua. Lakini kijiji kilichomwa mbele ya mutu yeyote kuhesabu nani alikaa pale, miaka mingapi, na alienda wapi. Wengi walirudi Likasi na Kambove, wengine Kolwezi. Wakikohoa leo, muganga anauliza: « Ulifanya kazi wapi? » Hawana karatasi ya kuonyesha.

Tulijiuliza: mahali pengine, watu waliochimba vitu vile vile, ilikuwa namna gani? Tukakuta muji mudogo wa Ujerumani, Schneeberg, mu milima karibu na mupaka wa Tsheki. Soma ndugu, utaona ni kama jirani yetu.

Walianza na feza nyeupe, miaka ya 1470. Halafu wakakuta jiwe lililowasumbua: ukilichoma linatoa moshi wa sumu, na feza hakuna. Wachimbaji wa milima ile wakasema ni pepo mubaya wa chini ya udongo, « Kobold ». Njo jina la kobalti linatoka pale, hii tunayobeba mu magunia kila siku! Baadaye walijua kutengeneza nayo rangi ya buluu ya vioo na sahani.

Lakini wachimbaji walikuwa wanakufa vijana, kifua. Agricola, muganga wa milima ileile, mu kitabu kilichotoka 1556, alisimulia habari za wanawake wa migodi ya Carpathians walioolewa na wanaume saba, mumoja nyuma ya mwingine, wote vumbi iliwamaliza. Mu 1879 waganga wawili, Härting na Hesse, walionyesha ya kwamba ni kansa ya mapafu. Chanzo kilikuwa urani iliyo pamoja na kobalti. Mu 1925 Ujerumani iliandika « ugonjwa wa mapafu wa Schneeberg » mu orodha ya magonjwa ya kazi yanayolipwa. Jina la muji mudogo, ndani ya sheria ya inchi nzima.

Isiwe tunafikiri kule ni paradizo. Tangu 1946 Warusi walichimba urani pale juu ya bomu zao, kampuni ikiitwa Wismut, na siri ilikuwa kali kama ya kwetu. Wengi sana wakagonjwa. Lakini Wismut ilipoacha kuchimba mu 1990, makaratasi yalibaki. Wataalamu walifuata maisha ya wafanyakazi karibu 59,000, kila mutu na mwaka wake na shimo lake. Maelfu wenye kansa ya mapafu walilipwa, na serikali ilitoa miliyari nyingi za kusafisha milima.

Desemba, watu wa milima ile wanaweka taa mu madirisha: kwa kila mutoto mwanaume sanamu ya muchimbaji, kwa kila mutoto mwanamuke malaika. Mutu akipita inje anajua nyumba hii ina watoto wangapi. Na siye Desemba tunafanya Sainte-Barbe, kofia safi, bia, hotuba. Shinkolobwe haitajwi.

Tunaomba jambo moja. Wenye kuwa na buku ya kazi ya zamani, karata ya posho, foto ya kambi, ata jeton, musitupe na musiuzishe. Leteni ku sendika, tunaandika jina, mwaka na kazi, na tunawarudishia. Waliochimba kati ya 1997 na 2004 vilevile: semeni mulikuwa shimo gani na pamoja na nani. Wenzenu walioanguka mu shimo Julai ile, muwataje. Wakubwa wa madini na wa afya tutawapelekea orodha, wasituambie tena dosie hakuna.

Daftari imefunguliwa. Jina la kwanza ni la yule muzee, baba mukwe wa mama mujane. Tulipiga foto kurasa zote. Tulimuuliza kama anataka tumuwekee buku mu kabati ya sendika, palipo na kufuli. Alikataa. Aliikunja tena ndani ya plastiki yake ya sukari, akaiweka mu kitenge, akaenda kutafuta basi.