Mvuto wa Gusto katika Mirathi ya Hatari

Darasani tukifika kwenye Mirathi ya Hatari, mjadala huwa ule ule: je, mwandishi anaamini uchawi? Mimi naona swali hilo linatupotezea muda.

C.G. Mung'ong'o aliitoa riwaya hii, ya kwanza kwake, mwaka 1977. Azimio la Arusha lilikuwa limetimiza miaka kumi, na mamilioni ya watu walikuwa wametoka tu kuhamishiwa vijijini. Msomaji wa siku zile angetarajia kijana shujaa wa kuigwa. Mung'ong'o akamletea Gusto, kijana msomi anayerithishwa uchawi na baba yake anayekaribia kufa.

Hapo ndipo penye mvuto. Gusto hakuwa akiutafuta uchawi. Unamjia kama wosia. Na nani kati yetu amefundishwa kumkatalia mzazi aliye kitandani? Utii tunaousifu kila siku ndio unaomfungulia mlango wa giza. Ukimhukumu haraka haraka, unajihukumu na wewe. Wahakiki humwita mtu wa namna hii mhusika duara. Mambo ya usiku yaliyomzunguka, pamoja na utisho wake wote, kwangu ni mandhari tu.

Likizo iliyopita niliisoma tena ndani ya basi, kutoka Mikumi tulipoiacha barabara kuu ya Iringa, tukapita Ulaya hadi Kilosa. Jioni nikamsimulia mjomba. Akacheka.

"Mpwa wangu, huyo baba alikosea mtu."

Kwetu Wasagara ukoo ni wa mama. Kwa mila, anayemrithi mtu ni mpwa wake, si mwanawe. Tukanyamaza wote wawili, maana kwa hesabu hiyo Gusto wa nyumba ile ni mimi.

Mwenzangu mmoja bwenini anadai vitabu vya namna hii vinachochea. Simbezi. Sheria ya uchawi iliyotungwa mwaka 1928 bado ipo, na nchini mwetu vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho ya moshi wa jikoni jamani! Lakini anayeinua panga hamwoni bibi yule kama mtu. Mung'ong'o anatukalisha karibu kabisa na mwenye uchawi wenyewe, mpaka tusikie anavyohema.

Mjomba si msomaji wa riwaya. Siku ya kuondoka aliniomba nimwachie kitabu, anataka kujua kama kijana angeweza kukataa.

Nilimwachia. Mwisho sikumwambia.