Pumzi Inapokatika: Jirani Mbele ya Mtu Aliyezidiwa na Heroini

Heroini huua kwa kukata pumzi. Kwa kuwa ni ya jamii ya afyuni, jamii moja na mofini inayotumiwa hospitalini kutuliza maumivu makali, heroini hupumbaza sehemu ya ubongo inayoongoza upumuaji, na mtu aliyepitisha kiasi, au aliyeichanganya na pombe au vidonge vya usingizi, huvuta pumzi moja baada ya nyingine kwa shida mpaka kifua kitulie kabisa. Aghalabu hali hiyo haiji ghafla, bali huchukua saa moja au zaidi, tena akiwapo mwenzake au ndugu, naye ndiye mwenye nafasi ya kumwokoa kabla daktari hajafika.

Dalili zake zinatambulika. Mtu haitiki aitwapo, wala hashtuki akisuguliwa kwa nguvu mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole. Mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya sindano, midomo na kucha zimegeuka kijivu, na koo linatoa mkoromo mzito ambao waliomo nyumbani, kwa bahati mbaya, hudhani ni usingizi mnono. Kummwagia maji baridi au kumnywesha maziwa hakumsaidii, na maziwa yanaweza kumpalia. Linalofaa ni kuita msaada, kumlaza chali, kuinua kidevu ili njia ya hewa ifunguke, kumbana pua na kumpulizia hewa mdomoni, pumzi moja kila baada ya sekunde tano. Akianza kupumua mwenyewe, alazwe ubavu ili asipaliwe na matapishi.

Dawa ya kuivunja nguvu heroini ipo: ni naloksoni, inayopulizwa puani au kuchomwa msulini, nayo huiondoa heroini mahali iliponata katika ubongo na kurudisha pumzi ndani ya dakika chache. Nguvu yake huisha baada ya dakika 30 hadi 90, hivyo aliyeamka asiachwe peke yake. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba watu wa kawaida wanaoweza kumshuhudia aliyezidiwa wapewe dawa hiyo na mafunzo ya kuitumia.

Pwani ya Afrika Mashariki, ambako unga, yaani heroini, umeharibu vijana kwa miongo kadhaa, imekwisha kujifunza mengi. Hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam ilianza mwaka 2011 kuwapa watumiaji methadoni, dawa ya kunywa kila siku inayozuia arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, na Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014. Zanzibar nayo ina nyumba za upataji nafuu zinazoendeshwa na watu waliowahi kutumia wenyewe. Jambo la kuigwa hapo ni imani: teja humsikiliza upesi mtu aliyepita njia ileile.

Wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda, haijaharibiwa na unga kiasi hicho, kwani hapo mpakani na mji wa Goma wa Kongo kinachozungumzwa zaidi ni bangi, lakini heroini, ambayo nchini Rwanda huitwa mugo, si jina geni. Hofu ndiyo kikwazo kikubwa: sheria ya 2018 inamwadhibu mtumiaji kwa kifungo cha mwaka mmoja hadi miwili au kazi za manufaa ya umma, na mwenzake akiogopa polisi hukimbia badala ya kupiga simu. Hatari nyingine ni ya anayerudi nyumbani kutoka gerezani au kituo cha kurekebisha tabia, kama kile cha kisiwa cha Iwawa katika Ziwa Kivu, kwa sababu mwili uliokaa miezi bila dawa hauhimili tena kipimo cha zamani. Familia yake inapaswa kuelezwa hayo kabla hajafika.

Rwanda ina abajyanama b'ubuzima, washauri wa afya waliochaguliwa na wanakijiji wenzao, ambao hupima malaria kwa tone la damu ya kidole na kutoa dawa papo hapo. Mkono unaoweza kazi hiyo unaweza pia kupuliza naloksoni puani, na ni haki Rubavu ifikiriwe mapema, kabla ya misiba. Kwa sasa, anayemkuta mtu katika hali hiyo apige 912, simu ya dharura isiyotozwa malipo, kisha aendelee kumpulizia pumzi mpaka gari la wagonjwa lifike.