Uvimbe wa Kizazi Hauyeyuki kwa Vifuko vya Majani

Miongoni mwa maswali ya akina mama wa mtaa wa Ziwani, Nairobi, liko moja lililonichosha kwa kurudiwa: “Daktari, si vile vifuko vya mitishamba huyeyusha faibroidi zikatoka bila kupasuliwa?” Hasha, na madhali vifuko hivyo vingali vikinunuliwa kwa fedha ya unga, ilhali Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyoanza mwaka 1926, i mwendo wa miguu tu kutoka hapo, yafaa nijibu bayana.

Mama hukitia kifuko ukeni, akakaa nacho siku mbili tatu, kisha akatokwa na ute mzito wenye vipande vyeupe, naye akashangilia akidhani uvimbe umetoka. Alichokiona ni ute, ngozi laini ya uke iliyounguzwa na dawa, na makapi ya majani yenyewe. Uvimbe huu aghalabu huota ndani ya msuli wa mji wa mimba, umeshikamana nao kama fundo katikati ya ubao, wala majani ya ukeni hayaufikii, sembuse kuung’oa. Apigwe picha ya ultrasaundi kabla na baada: sentimita zitakuwa zile zile, ila ameongezewa mwasho na pengine maambukizi. Na anayeapa kuwa wake uliisha, muulize umri. Hedhi ikikoma uvimbe hunywea wenyewe, na sifa akapewa muuza majani.

Ama njia zisizo za kisu, mwulize tabibu hizi. Uvimbe usioudhi huachwa ukaangaliwa. Damu ikizidi, viko vidonge vya asidi ya traneksamiki vya siku za hedhi, vidonge vya kupanga uzazi, au koili ya homoni, na vya madini ya chuma kwa aliyepungukiwa damu. Sindano za kuzima homoni huupunguza kwa miezi michache, lakini hudhoofisha mifupa, na zikikoma uvimbe hurudi. Iko pia njia ya kuziba mishipa inayoulisha, kwa mpira mwembamba upitishwao aghalabu pajani, aliyoitangaza Jacques Ravina wa Paris mwaka 1995. Anayetaka kuzaa baadaye aizungumze kwanza kwa kina.

Nenda na tarehe za hedhi, hesabu ya pedi kwa siku na picha za zamani, useme wazi kama wataka mtoto. Na ukitokwa na damu ilhali hedhi ilikwisha koma mwaka mzima, usingoje dawa ya mtu: nenda hospitali wiki hii hii.